Kipimo cha Pili cha Mkojo: Uzoefu Wangu wa Kutafiti Kisukari na Figo Mwanza

Kazi iliyonichukulia nguvu nyingi katika miaka yangu ya kutafiti kisukari na figo mkoani Mwanza ni kumrudisha mgonjwa kliniki kwa ajili ya kipimo cha pili. Ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa kipimo kimoja, kwani kasoro lazima idumu kwa miezi 3 au zaidi. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo au hata mazoezi mazito yanaweza kupitisha albumini, aina ya protini ya damu, kwenye mkojo kwa siku chache na kumtia hofu mtu ambaye figo zake ni nzima.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna utata mwingine, nao ni kichocho. Kile cha kibofu huingiza damu na protini kwenye mkojo, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aliyelima mpunga kwenye majaruba tangu utotoni anaweza kuonekana ana figo zilizoharibiwa na sukari, kumbe chanzo ni minyoo. Kila mkojo uliovuka miligramu 30 za albumini kwa gramu moja ya kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo) tuliukagua pia kwa darubini, na aliyekutwa na mayai ya kichocho alitibiwa kwanza kwa prazikwanteli, kisha akapimwa upya.

Lakini atarudi? Mama mmoja mtu mzima kutoka Misungwi aliniambia, "Daktari, mwanangu, kila siku mnachukua damu na mkojo wangu, majibu yenyewe mbona siyaoni?" Swali hilo lilibadilisha mpango wetu wote. Tuliweka kipimo cha pili siku ileile ya kuchukua dawa, ili mgonjwa asilipe nauli mara mbili. Tuliandika namba ya simu ya mtoto au jirani pamoja na ya mgonjwa mwenyewe. Na, jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, hakuna aliyeondoka bila kuelezwa majibu yake kwa lugha anayoielewa, mara nyingi Kisukuma. Wagonjwa walianza kurudi, na wengine walikuja na ndugu zao wapimwe.

Wanaothibitika kuvujisha albumini, hasa wenye shinikizo la damu, huanzishiwa dawa kama losartani, ambayo tangu 2001 inajulikana kupunguza kasi ya figo kuharibika kwa wenye kisukari cha aina ya 2. Ndani ya wiki 2 hadi 4 tunapima potasiamu na kreatinini. Kreatinini ikipanda kidogo, bila kuzidi asilimia 30, dawa haikatizwi. Nasisitiza hilo kwa wauguzi na madaktari wa zahanati, maana wengi wao huwaachisha wagonjwa dawa mapema kwa hofu, na hao walioachishwa ndio ninaowafuatilia sasa.