Kanisa letu tulilichora kwa chokaa kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililochekwa miaka mitatu mfululizo. Walioniteua katibu wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu, huku chini ya Mlima Meru, walisema najua kuandika vizuri na sili hela za watu. Ujenzi hakuna aliyeniuliza kama naujua. Mzee mmoja alikuwa akinikuta njiani ananiambia, "Katibu, kanisa mtalipiga pindo au mtaliacha nyuzi?" Nilimwamkia shikamoo nikapita.

Ushauri tuliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: "Nyie chimbeni msingi, Mungu atatoa." Ushauri huu bado unanichefua. Njia nzima ya kwetu imejaa misingi ya makanisa yaliyotakiwa kukaa watu elfu, sasa mbuzi wanalishwa humo. Aliyechimba alikuwa na imani, sikatai, ila hakuwa na ramani wala hesabu.

Sisi ramani tulikuwa nayo. Mchora ramani alituletea karatasi nzuri mno, rangi mpaka kwenye miti ya nje. Tulimlipa kama milioni nne na ushei, nyingine tukamalizia kwa maharage. Mita 16 kwa 30, watu 650. Baraza la wazee likapiga makofi. Mimi nikarudi nayo dukani, nikaitandaza juu ya meza ya kukatia, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kitambaa hukikati kabla hujampima mtu. Hii nguo ya mamilioni, nani amepimwa?

Nikachukua tepu yangu. Jumapili hiyo nilipima watu wameketi, kwanza kwaya ya akina mama maana hao nawajua vipimo vyao tayari. Ramani ilihesabu sentimita 40 kwa kila mtu. Sentimita 40! Hiyo ni ya mtoto wa darasa la tano. Mama wa kwetu aliyeketi na kitenge chake, kibegi na kitabu cha nyimbo anataka 55, na akiwa na mtoto ongeza. Benchi la mita mbili na nusu lililoandikwa watu sita lilitosha wanne, wa tano akibana. Na nafasi kati ya benchi na benchi ilikuwa sentimita 75. Jaribu kupiga magoti hapo kama hujagonga paji la uso kwenye kichwa cha aliye mbele. Tuliipandisha ikawa 90.

Kamati haikuniamini. Ndipo nikaomba uwanja wa mpira wa shule ya msingi jirani, na ndoo mbili za chokaa ileile wanayochorea uwanja. Tulilichora kanisa zima chini, kwa vipimo vyake halisi, limeelekea kulekule litakakoelekea: madhabahu mashariki. Kuta, milango, mimbari, sehemu ya kwaya, nguzo. Mabenchi tuliyokuwa nayo tukayabeba, yaliyopungua tukaazima madawati. Kisha tukatangaza kwamba Jumapili ibada itafanyika humo, saa tatu asubuhi, kama kawaida. Saa ni muhimu, msije mkafanya jioni.

Ramani ilikuwa na nguzo nane katikati. Nguzo hizo tukazifanya kwa vijana wa kipaimara, kila mmoja kasimama mahali pake na amri ya kutosogea. Haikupita robo saa, mzee mmoja akasimama: "Hebu mtoeni huyo nguzo, simwoni mchungaji!" Nguzo yenyewe ikacheka, ikasogea. Mchora ramani alikuwepo, akasema makanisa makubwa yote yana nguzo. Nikamjibu kwamba nguzo nazijua, tulizunguka na kwaya mpaka Unguja, tukaingia lile kanisa la Anglikana la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mtembeza wageni alituonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, akatusimulia kwamba mafundi walizikosea Askofu Steere, aliyelijenga, alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyohivyo. Tangu siku hiyo nguzo za kanisani mimi siziamini. Tukabadilisha: kenchi za chuma, yaani fremu za kubebea paa, ukuta hadi ukuta, katikati hakuna kitu. Bei ilipanda, siwezi kuwaficha.

Jambo la pili lilikuwa jua. Nyuma ya madhabahu palichorwa dirisha kubwa la vioo vya rangi, fahari ya ramani nzima. Saa tatu na nusu jua likawa machoni petu sote. Mchungaji tulimwona kivuli cheusi kinachopunga mikono. Dirisha hilo tukaliziba palepale kwenye ramani, msalaba ukakaa ukutani.

Sasa jeneza. Mlango mkuu ulikuwa na kibaraza: unaingia, unakata kona kulia, ndipo unaingia kanisani. Kwenye karatasi unapendeza kweli. Nikauliza, marehemu atakata vipi hiyo kona? Kimya. Seremala wetu, ambaye ni mzee wa kanisa, akajitolea kuleta jeneza jipya la dukani kwake tujaribu. Hapo ibada nusura ivunjike. Babu mmoja alinyanyua fimbo: "Mwanangu, jeneza tupu ni uchuro! Mnamwita nani?" Akina mama wakaanza kuguna. Nilikuwa naona mradi mzima unakwenda na maji, mpaka mchungaji aliposema kwa upole, "Basi, babu, lisiwe tupu." Akaagiza mkungu wa ndizi ulioletwa kwa ajili ya mnada uwekwe ndani.

Wanaume sita wakabeba ndizi, watatu huku na watatu kule, wakaingia mlango wa chokaa. Vijana walikuwa wamesimama kuwa kuta. Kufika konani wakakwama. Wakarudi nyuma, wakajaribu kwa mshazari, wakakwama. Njia pekee ilikuwa kulisimamisha wima kama kabati, na walipolisimamisha tukasikia mkungu ukiporomoka ndani, puu! Babu mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Kibaraza kilikufa siku hiyo. Leo mlango umenyooka mpaka madhabahuni, upana mita 2.4, na njia ya katikati mita 1.8, ili wabebaji na jeneza lao wapite bila kukwangua mabenchi.

Mnadani mkungu ule haukupata mteja hata wa shilingi mia. Niliununua mimi. Zilikuwa ndizi nzuri tu.

Baada ya chokaa tuliongeza mita nne za urefu, tukakubali watu mia tano na kidogo badala ya 650 za kwenye karatasi. Kibali cha halmashauri, mhandisi na shimo lake la kuangalia udongo, hayo mnayajua.

Kosa langu mimi ni hili. Ili tusikose pa kusali, tuliamua kanisa jipya lilizunguke la zamani: kuta zisimame nje, paa lipande juu, ndipo tuvunje la ndani. La zamani lilikuwa na upana wa mita 8, likabaki na nafasi ya mita nne kila upande. Wazo zuri, nilitembea kifua mbele. Kuta zikapanda, mkanda wa zege wa juu ya kuta ukamwagwa, kenchi ya kwanza ikaletwa, ikagonga paa la zamani. Nilipima urefu, nikapima upana, kimo sikukipima! Fundi mzima miaka ishirini, nimeshona suruali nikasahau kina. Paa la zamani lilizidi kuta mpya kwa sentimita 40 hivi.

Tulivua paa zima mwezi Julai. Jumapili tano tulisali ndani ya kuta mbili bila paa, na manyunyu ya baridi ya Meru wanayajua wenyewe. Mzee yule wa pindo alikuja na mwavuli, akaniketia mbele. Mabati yakaenda kuezeka vyoo, ambavyo kwa kweli tulipaswa kuvianza kwanza, na vya kina mama viwe mara mbili ya vya wanaume.

Siku hizi sharika jirani wananipigia simu wanataka niwatumie ramani. Ramani ya nini? Watu wenu niliwapima lini? Nawaambia wanunue chokaa, wanadhani nawanyima. Na stoo ya mifagio tulisahau kabisa. Mifagio na ndoo vinakaa nyuma ya kinanda, ukija usishangae.