Umri wa mbu

Juzi binti yangu kaniuliza, "Mama, kwani kuna watu wanapewa hela bila kusema watafanyia nini?" Alinisikia naongea kwenye simu kuhusu tuzo ya Leibniz. Nikamwambia wapo, Ujerumani, tangu 1986, sasa hivi ni hadi euro milioni 2.5 na una miaka 7 ya kuzitumia kwenye utafiti unaouona wewe una maana, na huwezi kujiombea, lazima wengine wakupendekeze. Hakuniamini.

Mimi niliona kwa macho yangu. Ilikuwa Desemba, baridi ya kukata masikio, tumekaa chumba cha chai pale maabara Ujerumani, mimi mwanafunzi wa PhD niliyetoka kupasua mbu Ifakara nimezungukwa na watu wa fizikia ya mwanga. Profesa akaingia na koti lina theluji, akasema wamempigia kutoka Bonn, kwenye shirika linalotoa tuzo hiyo, amepata. Watu makofi, wengine machozi. Yeye hata hakukaa, akaanza kutuuliza mmoja mmoja: "Kama hakuna atakayekudai matokeo, ungechunguza nini?"

Kimya. Kila mtu pale alikuwa na mradi wake na ripoti zake, nani alikuwa na muda wa kuwaza hivyo? Zamu yangu ilipofika nikasema, umri wa mbu.

Akaniambia endelea. Nikamweleza kwamba vijidudu vya malaria vinahitaji kama siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi wanakufa kabla, kwa hiyo anayeua watu ni yule mbu mzee, na sisi tulikuwa tunampasua, tunatoa ovari, tunaangalia kwenye darubini vimirija vya hewa kama bado vimejikunja au vimenyooka, vikinyooka basi ashataga, lakini ana siku ngapi hatujui. Profesa akavuta kiti akakaa na koti lake vilevile. "Ganda lake lina nini?" Nikajibu: kitini (chitin, kemikali inayofanya ganda la wadudu kuwa gumu), protini, nta. "Vinabadilika akizeeka?" Nikasema naamini hivyo. Akasema basi mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, utaona, maana kila kemikali inanyonya mwanga kwa namna yake, akaanza kuchora mawimbi nyuma ya bahasha na kuniuliza maswali mpaka chai ikapoa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kule mtu alikuwa ananiuliza kuhusu swali langu mwenyewe.

Yaliyofuata ni mbu waliokaushwa, mashine, na kompyuta kufundishwa kusoma michoro ya mwanga ulionyonywa. Wenzetu wa Ifakara na wa Glasgow nao wameonyesha kwamba infraredi pamoja na kompyuta inaweza kukadiria umri wa mbu bila kumpasua.

Leibniz mwenyewe, ambaye tuzo ina jina lake, alikuwa mwanasheria, mwanahisabati, mwanafalsafa na mkutubi, hakubaki kwenye fani moja. Mimi leo niko katikati ya safari yangu, nikiomba hela wa fizikia wananiambia nenda kwa watu wa wadudu, wa wadudu wananirudisha kwa fizikia. Na zahanati ikikosa dawa siwezi kusema hela zije kwangu kwanza, hapo kwa kweli sina jibu. Ila nina mwanafunzi anataka kujua kama sauti ya mabawa ya mbu inabadilika na hali ya hewa, swali zuri mno, na mpaka leo sijapata pa kumpeleka.