Nilichokuwa nikikisia ni kalamu ya msimamizi

Mimi ndiye ninayeshika mafaili ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area, Nairobi. Mwezi uliopita bosi aliniuliza: tukiajiri, tutamjuaje mapema atakayefanya kazi vizuri? Nikaamua kumjibu kwa regresheni ya vigezo vingi. Unachukua alama za tathmini ya mwaka za kila mtu, kisha unaziwekea kando vitu unavyoshuku vinazichangia: miaka kazini, masomo, jaribio la kuingilia, siku alizokosa. Hesabu inakupa uzito wa kila kimoja, vile vingine vikiwa vimeshikiliwa palepale.

Umri ndio ulionisumbua kwanza. Wengi wetu waliingia vijana wakakaa, kwa hiyo umri na miaka kazini vinapanda pamoja, na hesabu haiwezi kuvitenganisha. Kimoja kilipewa uzito wa kujumlisha, kingine wa kutoa. Nikauondoa umri.

Kisha nikamwona mama mmoja wa zamu ya usiku, anayetembea kwa miguu kutoka Mukuru. Regresheni ilimkisia alama za juu, tathmini ikampa za chini kabisa. Hakuna aliyekuwa na pengo kama lake. Jioni moja nikashuka nikasimama kando ya mashine yake. Kila pakiti huikandamiza mshono kwa kidole gumba, anaisogeza sikioni, na inayopumua anaitupa kwenye ndoo.

“Mama, mbona alama zako ziko hivi?”

“Msimamizi anahesabu katoni, mwanangu. Mimi naangalia zisirudishwe.”

Usiku huo nikaongeza kigezo kimoja: nani aliyemtathmini. Msimamizi wa mchana nikamwandika moja, wa usiku sifuri. Uzito wa masomo, niliokuwa nikiuamini sana, ukayeyuka karibu wote. Waliosoma zaidi wako zamu ya mchana, na msimamizi wa mchana ana mkono mwepesi wa kutoa alama. Siku zote hizo sikuwa nikikisia kazi ya mtu.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulihusiana na utendaji kwa 0.54 (sifuri ni hakuna uhusiano, moja ni uhusiano kamili), miaka ya uzoefu, kwa 0.18. Zidisha 0.18 kwa yenyewe: kama asilimia 3 tu ya tofauti kati ya watu, nasi kila tangazo la kazi tunadai uzoefu wa miaka mitano! Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu za aina hiyo, nyingi zikashuka. Tena tafiti nyingi za namna hii hupima utendaji kwa alama za wasimamizi, kama nilivyofanya mimi.

Nimemwambia bosi kwamba hesabu hii haifai kumnyima mtu mkataba. Nimeomba fomu ya tathmini iongezwe safu ya katoni zilizorudishwa, na kila mtu atathminiwe na wasimamizi wawili. La kwanza amelikubali. La pili tunalijadili Ijumaa, na nitakwenda na ile ndoo.