Mke wa dereva alipokuja kuketi nasi

Picha ilinifikia kabla ya simu. Mtu aliitupia kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu, hapa Free Area, Nakuru, Jumanne jioni: matatu imebonyea ubavu mzima, watu wamesimama kando ya barabara, na chini yake maneno "Salgaa tena jamani," pale panapojulikana kwa ajali kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Nikaikuza. Karibu na gurudumu palikuwa na koti la kijani lenye kiraka begani. Kiraka kile nilikishona mimi. Mimi ni fundi wa nguo, na mshono wangu naujua.

Ndivyo nilivyojua kwamba kitinda mimba wetu ameenda. Polisi walipiga saa nne usiku.

Kwenye matanga kila aliyeingia aliniuliza, "Mama anaendeleaje?" Lilikuwa swali la haki. Lakini mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyezunguka mochari, kituo cha polisi, kwa fundi wa jeneza, na usiku nikakesha nikijumlisha michango ya M-Pesa. Baada ya mazishi turubai likashushwa, viti vya kukodi vikarudishwa kwa mwenyewe, watu wakashika shughuli zao. Mimi wiki ya tatu nikakata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Nikaketi nikaitazama, nisijue nimefanya nini.

Niseme jambo linaloniuma. Ajali kubwa huliliwa na nchi nzima. Basi na lori zilipogongana pale Migaa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 na watu 36 wakafa, na lori lilipowaparamia wachuuzi na matatu pale njia panda ya Londiani tarehe 30 Juni 2023 na kuua zaidi ya 50, viongozi walifika, kamera zilifika, kila kanisa liliomba. Sisi tunapewa mstari mmoja redioni: "Mtu mmoja amefariki na wengine kadhaa kujeruhiwa." Kisha bei ya unga.

Aliyeniamsha ni mama mmoja auzaye mitumba, alileta sketi kupunguzwa kiuno. Mwanawe alikuwa mhudumu wa bodaboda, aligongwa. Sijui nani alianza, ila tuliongea saa mbili nzima, cherehani imezimwa. Alipoinuka akasema, "Nimekaa kwa sababu hukuniambia nijikaze."

Tukakubaliana kutafuta wengine waliofiwa kwa ajali za barabarani. Tulikuwa sita siku ya kwanza. Kanisa moja lilitupa chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, na mpaka leo tunakalia viti vyao vidogo, magoti karibu yaguse kidevu. Ukiingia ukakuta watu wazima wamejikunja hivyo, na mzee mwenye bakora miongoni mwao, unacheka kwanza. Naona imetusaidia. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa. Jumamosi hatukuiwazia hata kidogo, maana Jumamosi ni siku ya kuzika, na kila mmoja wetu ana mazishi ya mtu ya kwenda.

Mwanzoni nilikosea, na nilikosea kwa kufuata ninachokijua. Kwetu watu sita wakikaa pamoja, chama kimezaliwa. Tukaweka shilingi 200 kila mkutano, daftari, mweka hazina. Mwezi wa nne wawili hawakuonekana. Mmoja nilikutana naye sokoni, akajifanya kuchagua nyanya ambazo ni wazi hakuwa na haja nazo. Nilimsogelea. Akanong'ona kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akileta pesa nyumbani, sasa mumewe yuko kaburini, na 200 ni unga wa siku mbili. Nilirudi nikalichana lile daftari. Siku hizi chai inatoka kwangu, na kila mtu anakuja na kikombe chake.

Kosa la pili lilikuwa kualika mhubiri. Alikuja na moyo safi, akasema Mungu hakosei. Mama wa mitumba alitoka nje akasimama kwenye jua mpaka mhubiri alipomaliza. Tangu hapo hatualiki mtu wa kutuambia kwa nini. Wengi wetu tunasali, wala hakuna anayezuiwa kuomba, lakini sababu ya kifo cha mtoto wa mwenzako huna ruhusa ya kuitoa wewe.

Masharti mengine yalikuja yenyewe. Hatuonyeshani picha za ajali. Hatuulizi kama marehemu alikuwa amefunga mkanda. Anayetaka kunyamaza ananyamaza. Baba mmoja wa Njoro alikuja mara nne bila neno, ya tano akatuambia kwamba simu ya mkewe bado anaichaji kila usiku. Na ukichelewa, piga simu. Hilo halina mchezo. Kwa watu kama sisi dakika 20 za kuchelewa si msongamano wa magari.

Jumapili moja tuliipa makaratasi, na sijutii. Msiba wa barabarani unakuja na karatasi nyingi, na unakuja na watu. Mjane mmoja alifuatwa matangani na kijana mtanashati aliyesema ametumwa na wakili; akasaini kurasa tupu juu ya meza ya chai. Mwaka ukapita, simu ya kijana haipatikani. Basi tukaanza kuelezana: chukua abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa ajali, mapema na usome ina namba gani ya gari na bima gani. Cheti cha kifo toa nakala nyingi. Barua ya chifu utaihitaji, na pia kibali cha mahakama cha kumsimamia marehemu kabla ya kudai kwa niaba yake. Kesi ya fidia ina miaka 3, haingoji machozi yakauke. Na ukisikia mtu anakuahidi milioni kumi, ujue sheria imewekea bima ya gari iliyogonga kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Karatasi tupu usisaini, hata anayekuletea awe shemeji yako.

Sisi si madaktari. Alipokuja dada asiyelala wiki tatu na akaanza kusema angetamani kumfuata mumewe, mama wa mitumba alimshika mkono kesho yake asubuhi wakaenda wote kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Alingoja naye foleni. Biashara yake ilifungwa siku hiyo.

Sasa nije kwa lile lililotaka kutuvunja.

Mwaka wa pili alikuja mama kutoka upande wa Rongai. Akajitambulisha kwamba amefiwa na mume, akakaa. Zamu yake ilipofika akasema mumewe alikuwa dereva wa trela. Breki zilishindwa kwenye ule mteremko wa kutoka Sachangwan, akagonga gari dogo, akafa yeye na wengine watatu. "Mazishini kwetu hawakuja watu," akasema. "Waliona haya."

Mzee wa Subukia alisimama. Yeye alizika binti na mjukuu siku moja, na wao pia waligongwa na trela. Ajali nyingine, mwaka mwingine, lakini trela. "Hawa wanaweka gia huru waokoe dizeli," alisema, "kisha wanaitwa marehemu." Akachukua bakora akaondoka. Wawili wakamfuata.

Wiki hiyo nilipigiwa simu nyingi. Wengine walitaka yule mama aambiwe kwa upole atafute pengine. Pengine wapi? Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, na sitadanganya, sehemu yangu moja iliwaunga mkono. Aliyemuua ndugu yangu naye alikuwa dereva wa lori, na alipona. Lakini nilikumbuka tulivyokatazana kuuliza mkanda. Kama kosa la marehemu halichunguzwi kwa mmoja, halichunguzwi kwa mwingine. Nilisafiri hadi Subukia kumwambia mzee hivyo. Alinipa chai, akanisindikiza hadi stendi, hakusema atakuja wala hatakuja.

Alirudi baada ya miezi miwili. Hakumsalimu. Aliketi mbali naye kadiri chumba kile kinavyoruhusu, hatua nne hivi. Mikutano kadhaa ikapita hivyo, mpaka siku moja akauliza ghafla, akitazama sakafu, "Siku hiyo alikuwa ameanzia wapi?"

"Malaba, usiku," mama akajibu. "Alinipigia akiwa Mau Summit, akasema macho yanamuuma. Nikamwambia lala. Akasema tajiri anataka mzigo Nairobi."

Mzee hakusema lolote zaidi. Tukanywa chai, tukafunga.

Mwezi uliopita saa tisa ilifika, kisha tisa na nusu, mama wa Rongai haonekani wala simu hajapiga. Nikapiga mimi, imezimwa. Mazungumzo yakafa, kila mtu akishika kikombe chake. Nikasema labda tuanze.

"Tusianze," akasema mzee wa Subukia. Akainuka kwenye kile kiti kidogo kwa shida, akashika bakora, akatoka kwenda kutazama barabara.