Neno Lililokosekana Kwenye Beji

Jioni ya leo nimemaliza kazi iliyonichukua siku kumi na moja, yaani kutambua beji ya kijeshi ya shaba ya manjano niliyoikuta chini kabisa ya sanduku la zana la marehemu babu, ikiwa imechanganyika na misumari na nati. Hakuna mtu katika ukoo aliyejua imefikaje humo. Ni nyota ya ncha nane, ya juu ikiwa imefunikwa na taji. Katikati kuna shada la majani na mkanda wenye maneno ya Kifaransa cha kale, Honi soit qui mal y pense, ambao ndio mkanda wa heshima wa wafalme wa Uingereza. Chini yake pamepita utepe wenye maandishi: ARMY SERVICE CORPS, kikosi cha uchukuzi na ugavi cha jeshi la Uingereza.

Mtu akiyaona hayo atadhani kazi imekwisha, kwa kuwa jina la kikosi limeandikwa waziwazi. Lakini jina la kikosi halikuambii zama, nami nilitaka kujua zama. Nilianza na taji. Beji za Uingereza za tangu enzi ya Edward VII, aliyetawazwa mwaka 1902, hadi mwaka 1953 zina taji ambalo matao yake yanapanda kwa mviringo bila kubonyea juu. Zilizofuata, za Malkia Elizabeth II, zina taji lililobonyea katikati. Langu halikubonyea. Hiyo ilinipa nusu karne nzima, kipindi kirefu mno kumridhisha mtu mwenye shauku kama niliyokuwa nayo.

Ndani ya mkanda mna herufi za mfalme, G na R (George Rex, yaani Mfalme George) zikiwa zimefumwa pamoja, na kati yake nikasoma VI. Nikaandika daftarini kwa uhakika kamili kwamba beji ni ya George VI, aliyetawala kuanzia 1936 hadi 1952, na kwa hiyo ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Nilikaa na jibu hilo siku nne.

Lililonikosesha utulivu ni utepe. Kikosi hicho kilipewa heshima ya kuitwa Royal, yaani cha Kifalme, mwaka 1918, na tangu hapo beji zake zikaanza kuandikwa Royal Army Service Corps. Sasa ingewezekanaje beji ya mfalme aliyeanza kutawala mwaka 1936 ikose neno ambalo kikosi kilikuwa nalo kwa miaka kumi na minane? Mojawapo lilikuwa si kweli, ama utepe ama macho yangu. Nilirudi mezani nikaweka taa pembeni, mwanga ukaipiga beji kwa ubavu, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Ile I haikuwa herufi. Ulikuwa mstari wa dawa ya kung'arishia shaba, uliokauka ukawa mgumu kama chokaa ubavuni mwa V. Niliugusa kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholowa maji, ukamomonyoka. Ikabaki V peke yake, George V, aliyerithi kiti Mei 1910. Kwa hiyo beji ilitengenezwa kati ya 1910 na 1918, na moyo wangu ulidunda kweli nilipokata ule mstari wa daftarini na kuandika upya.

Upande wa nyuma nao ulikuwa na yake. Umebonyea kwa umbo lilelile lililoinuka mbele, kama ilivyo kwa beji zilizogandamizwa kwa mashine kwenye bamba la shaba. Nakala za kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mgongo bapa wenye vishimo vya mapovu. Ule ulimi wa kuchomekea kwenye kofia bado upo, umepinda kidogo. Tena, kofia za kazi za maofisa zilivaliwa beji za rangi nyeusi ya shaba iliyokolezwa, hivyo hii inayong'aa ninaihesabu kuwa ya askari wa kawaida, mmoja wa wale waliopeleka mikate, lishe ya farasi na risasi kwa mikokoteni na malori.

Sikuisafisha zaidi ya ule mstari, wala sitaisafisha, kwa sababu uchakavu wake ndio unaonivutia kuliko yote. Ncha za nyota za upande wa kushoto zimelika hadi zimekuwa laini, ilhali za kulia bado zinakwaruza kidole. Mwenye beji alikuwa akiisugua kutoka upande mmoja, kila mara upande uleule, kwa muda mrefu. Jina lake halikuandikwa popote. Nimeitia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu yake kwa penseli: 1910–1918, ya kofia, imesuguliwa kutoka kushoto.