Dada Aliyeganda Wandegeya

Jana usiku tumemaliza kupiga video pale Wandegeya, Kampala. Miguu inauma, nguo zinanuka mafuta ya chapati na usingizi umegoma, basi acha niandike.

Kazi ya darasa ilikuwa kuchagua mwongozaji mmoja na kutengeneza video ya wimbo kwa mtindo wake. Sisi tulimchukua Wong Kar-wai wa Hong Kong, hasa filamu yake Chungking Express ya mwaka 1994. Wengi wakimtaja husifia taa za rangi. Mimi hunishika anavyouchezea muda. Kuna mahali Tony Leung anakunywa kahawa taratibu kaunta, Faye Wong anamtazama, na mbele yao watu wanapita mbio hadi wamebaki michirizi. Mji mzima una haraka, wao wawili hawana.

Njia yenyewe ni ya zamani. Kamera inapiga fremu, yaani picha moja moja, chache kwa sekunde, kisha maabara kila fremu inarudiwa hadi zitimie 24. Mwendo unakatika-katika, na kila kinachotembea kinaacha mkia. Sisi maabara hatuna. Tulishusha shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga, kutoka 1/50 ya sekunde hadi 1/8, tukapata na faida juu yake: mwanga uliongezeka kama mara sita. Kwa wanafunzi wasio na hata taa moja ya kukodi, hiyo ni neema. Balbu ya muuza rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai), taa za breki za taksi na mwanga wa kibanda cha kutuma pesa vilitutosha kabisa.

Mwimbaji wetu ni dada wa Bunia, Kongo, na wimbo wake ni wa mtu anayesubiri simu. Tulimsimamisha kando ya meza ya rolex, tukapiga wimbo kwa nusu ya kasi, naye akaufuatisha kwa midomo huku akiinua kikombe polepole. Ukija kuizidisha picha kasi mara mbili, midomo inalingana na wimbo wa kawaida na bodaboda nyuma yake zinaruka. Tatizo, wimbo ukienda nusu kasi unasikika kama mzee aliyelewa waragi. Wapita njia wakawa wanasimama kucheka, na sisi tulitaka wapite! Tukazima spika, tukampa kisikilizio cha sikio moja, upande usioonekana na kamera. Watu wakarudia haraka zao.

Muuza rolex hatukumwomba aigize. Alivunja mayai kwenye kikombe, akatupia kabichi na nyanya, akakoroga, akamwaga. Kwa shata ile mkono wake unapotea. Unaona uma ukimetameta na njano ya yai ikitanda kwenye kikaango. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, na mwimbaji hayumo. Yeye alikuwa bado ameganda na kikombe chake, mpaka jamaa akamwita, "Nnyabo, rolex yako inapoa!"

Sasa mwenzetu anayehariri anataka kumwagia kijani kila picha, ati bila hivyo si Wong Kar-wai. Nimemkatalia. Christopher Doyle na Andrew Lau, waliopiga ile filamu, walikuwa na taa za mji wao; sisi tuna balbu za Wandegeya na vumbi lake, na usoni mwa dada yule ile njano imekaa vizuri mno. Amejibu kwamba tutaonana kesho kwenye kompyuta. Haya. Nitawahi mimi, nikalie kiti.