Nilivyonasa radi za Ziwa Victoria kwa kiroba cha mchele

Kila niliyemwambia naendesha gari kutoka Dar hadi Mwanza kupiga picha za mawingu alinipa ushauri, na mwingi ulikuwa wa hovyo. "Nunua lenzi ndefu." Ya nini? Wingu la mvua limetanda mbingu nzima, unataka lenzi ya kumeza upana. "Kaa Capri Point, pale mjini Mwanza kando ya ziwa, jioni, ndipo ziwa linapochafuka." Aliyesema hivyo ni mzaliwa wa Mwanza, ndiyo maana alinikera zaidi.

Njiani, pa kusimama ni ukishashuka mlima wa Sekenke kuelekea Igunga. Mbuga ya Wembere imelala bapa, na msimu wa mvua unaona manyunyu yakishuka huku na kule, katikati jua. Gusa wingu jeupe kwenye skrini, punguza mwanga, la sivyo mbingu yote inatoka kama shuka la hospitali.

Jioni za Capri Point sasa. Ziwa shwari, ngurumo zote nyuma yangu, huko bara upande wa Kisesa na Magu! Mzee mmoja mvuvi pale Igombe, ufukwe wa wavuvi nje ya mji, alinicheka: "Mwanangu, mchana mvua ni yenu wa nchi kavu. Usiku inahamia kwetu." Ndivyo ilivyo. Mchana ardhi hupata joto upesi, upepo unavuma kutoka ziwani, mawingu yanajijenga bara. Usiku ardhi inapoa, maji yanabaki na joto, pepo za pande zote zinakutana ziwani na kupanda juu.

Basi saa tisa usiku nikawa Igombe na binamu yangu. Stendi ya kamera sikuitoa kabisa: upepo wa pale unaitikisa, na kusimama ufukweni penye radi ni kujitafutia msiba. Nilikuwa na kiroba cha mchele ambacho hakikujaa. Nikashusha kioo, nikakikalisha kiroba juu ya mlango, nusu ndani nusu nje, kamera nikaizamisha juu yake. Ikatulia tuli. Injini nimezima, maana inatetemesha. Gizani fokasi (kile kinachofanya picha iwe kali) huhangaika, kwa hiyo niliifunga kwenye taa ya mtumbwi wa dagaa uliokuwa mbali (nenda siku zisizo na mbalamwezi, ndipo wanapovua). ISO 100 (kamera isiwe nyepesi kunasa mwanga), f/8 (tundu la lenzi dogo kiasi), shata, yaani pazia la kuingiza mwanga, wazi sekunde 20, ikifunga nafungua tena. Kuviziavizia radi ndipo ubonyeze ni kupoteza usiku.

"Kaka, nisogeze mguu?"

"Hata kupumua pumua polepole."

Picha ninayoringia ina radi yenye matawi hadi majini, na chini yake taa za wavuvi zimejipanga mstari.

Mwanga ukimulika, hesabu hadi usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ilipoanza kufika kabla ya sekunde 30 nilivuta kila kitu ndani nikapandisha kioo. Mchele shangazi aliupika Kirumba, tukala na sato.